Mashine ya barafu kwenye chaja ya gari: kisa cha yadi moja Igombe

Simu ilikuja saa saba mchana. "Mwanangu, acha unachofanya uje Igombe. Ukuta umeungua, na vijana wanasema mashine inawatekenya." Aliyepiga ni mama mfanyabiashara wa samaki niliyewahi kumfungia wayaringi ya nyumba yake, na tangu siku hiyo ananiita mwanawe. Nilichukua mita, mega (kipimo cha kujua kama ganda la nyaya linavujisha) na begi la vifaa, nikapanda boda.

Nilipofika Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, moto ulikuwa umeshazimwa kwa mchanga. Kilichobaki ni harufu ya plastiki iliyoungua na doa jeusi lililopanda ukutani hadi karibu na bati. Chini yake kulikuwa na eksitensheni ya kuzungusha, ile yenye pipa, mizunguko yake yote imeshikamana ikawa donge moja. Nilipoivuta, ganda lilibanduka na shaba ikatoka wazi. Juu yake, kwenye ubao wa soketi, tundu la kwanza lilikuwa bado na vijiti viwili vya kiberiti vilivyokazia nyaya za eksitensheni hiyo. Vilikuwa vimeungua nusu.

Nikafuata waya kutoka kwenye ubao ule nijue umeme unatoka wapi. Nilitegemea kufika kwenye meni swichi. Nilifika kwenye chaja ya gari la umeme.

Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa ya mama, bila jina lake, kwa sababu mafundi wenzangu wameanza kuniuliza swali lile lile: chaja imekaa bure ukutani, ina umeme wa njia tatu (nyaya tatu za moto, ambazo mafundi tunaziita fezi) na ampia 32, kwa nini isiendeshe mashine nyingine? Jibu langu ni kwamba umeme ule unatumika vizuri kabisa, ila uchukuliwe kabla haujaingia kwenye chaja. Ukiuchukua kwenye mdomo wa chaja, unakuta umekata ulinzi mmoja mmoja bila kukusudia. Pale Igombe kila kosa lilizaliwa na dawa ya kosa lililotangulia, ndiyo maana nitayasimulia kwa mfuatano wake.

Yadi na shida yake

Mama hununua sangara na sato kwenye mwalo alfajiri, anawapanga kwenye makasha na barafu, kisha gari linawapeleka Shinyanga na Kahama. Kwa joto letu hesabu ya barafu ni kilo kwa kilo: samaki kilo mia, barafu kilo mia. Kwa muda mrefu aliinunua mjini ikiwa mabonge, ikafika imepungua. Mwaka huu akapata mashine yake mwenyewe, imetumika lakini nzima, mota ya kompresa kilowati 4, volti 400, ampia 8.5. Vyote vimeandikwa kwenye kibati chake.

LUKU ya mama, yaani mita yake ya kulipia kabla, ni ya njia moja. Mashine inataka njia tatu. Kuomba laini mpya kuna gharama na kuna kusubiri, na mashine ilikuwa tayari imeshushwa kwenye lori.

Upande wa pili wa ukuta, kwenye yadi ya mwenye nyumba huyo huyo, kulikuwa na mradi uliotumia gari la umeme. Mradi ulipoisha gari likaondoka. Chaja ilibaki, na hata waya wake ulibaki umening'inia kwenye msumari. Mwenye yadi akasema, "Tumieni tu, mradi uniti zangu mnilipe." Kijana fundi anayemsaidia mama akaangalia mitandaoni, akaelewa chaja inavyofanya kazi, akaunga mashine kwa nusu siku ikazunguka. Nasema wazi kwamba kijana huyu ana akili. Aliyoyaelewa wengi wetu wenye miaka mingi kazini hatuyajui. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza.

Chaja huongea na gari

Wengi huiona chaja ile ya ukutani kama soketi kubwa. Ndani yake kuna kontakta (swichi inayofungwa kwa umeme), kipimo cha umeme, ulinzi wa uvujaji na kadi ya elektroniki. Kile kinachogeuza umeme wa kwenye nguzo uwe wa betri kimo ndani ya gari. Kwa hiyo kinachotoka kwenye tundu la chaja ni umeme ule ule wa TANESCO, volti 230 kati ya fezi na nyutro (waya wa kurudishia), volti 400 kati ya fezi na fezi. Hapo kijana hakukosea.

Lakini tundu lile huwa limekufa mpaka gari liongee. Pamoja na fezi tatu, nyutro na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), kuna waya mwembamba wa mawasiliano. Chaja hupeleka volti 12 kwenye waya huo. Gari likichomekwa, rezista iliyo ndani yake huishusha volti hiyo hadi 9, na chaja inaelewa kwamba gari lipo. Gari likiwa tayari kuchaji, linaongeza rezista nyingine, volti inashuka hadi 6, na hapo ndipo kontakta inapofunga kwa kishindo kile kidogo unachokisikia.

Mazungumzo hayaishii hapo. Chaja hulipigia gari wimbi mara 1,000 kwa sekunde, na upana wa wimbi hilo ndio ruhusa ya kiasi cha umeme. Wimbi likikaa juu asilimia 10 ya muda, gari linaruhusiwa ampia 6. Asilimia 27 hivi ni ampia 16. Asilimia 53 ni ampia 32. Gari husoma na kutii. Pini ya waya huo wa mawasiliano ni fupi kuliko pini za umeme, hivyo ukichomoa, mazungumzo hukatika kwanza, chaja inazima, na pini kubwa zinaachana zikiwa hazina mzigo.

Kijana alikata waya wa chaja upande wa gari. Fezi, nyutro na ethi akazipeleka kwenye boksi la kuungia, na kati ya waya wa mawasiliano na ethi akaweka dayodi na rezista ya omu 880 hivi. Kwa chaja, hilo ni gari lililo tayari kuchaji saa zote, betri yake haijai na wala haliondoki. Chaja iliendelea kulitangazia wimbi lake la ampia 32, na mwisho wa waya hapakuwa na wa kusikia.

Hiki ninachoeleza ni cha chaja za ukutani za AC, umeme wa kawaida wa nguzo. Zile kubwa za haraka zinazopeleka DC, umeme wa aina ya betri, moja kwa moja kwenye betri huongea na gari kwa lugha ya kompyuta, na rezista haiziamshi. Na kuna magari yanayotoa umeme badala ya kupokea. Hyundai Ioniq 5, kwa mfano, hutoa hadi kilowati 3.6 kwa matumizi ya nje. Hiyo ni habari nyingine, tena nzuri kwa taa, mizani na friza, lakini mota ya njia tatu haiwezi.

Upepo uliopuliza nyuma

Siku ya kwanza mashine iliwaka, kila mtu akapiga makofi, kisha mama mwenyewe akagundua kitu. Alikuwa amesimama nyuma ya kondensa (sehemu ya mashine inayotoa joto nje) na mfuko wa rambo mkononi, na badala ya feni kuuvuta mfuko, ikaupuliza kifuani kwake. Mota zilikuwa zinazunguka kinyume.

Gari halijali mpangilio wa fezi. Kigeuzi chake hula tu kinachokuja. Ndiyo maana anayefunga chaja anaweza kuunga fezi kwa mpangilio wowote, na penye chaja nyingi hubadilisha makusudi ili mzigo usiangukie fezi moja. Mota hujali sana. Feni ikizunguka kinyume utaiona, pampu itapunguza maji, na kompresa ya aina ya skroli ikirudi nyuma kwa muda inakufa. Ya mama ni ya pistoni, ikavumilia. Kijana akabadilishana nyaya mbili kwenye boksi, feni ikavuta vizuri, kazi ikaendelea.

Kosa hili halikumdhuru mtu. Ila hapo ndipo nilipaswa kupigiwa simu mimi au fundi mwingine yeyote, kwa sababu lilikuwa linasema: mstari huu ulifungwa kwa ajili ya kitu kingine.

Ethi iliyokatwa

Baada ya siku chache chaja ikaanza kuzima asubuhi. Usiku mashine inafanya kazi, ikifika saa kumi na moja, ukungu wa ziwa umekaa juu ya kila kitu, taa ya chaja inakuwa nyekundu. Mchana jua likiwaka, mambo safi. Kijana alitafuta chanzo siku mbili. Mwisho akagundua kwamba akiondoa waya wa ethi kwenye mashine, chaja haizimi tena. Akauacha umeondolewa.

Hapa naomba msomaji atulie nami, maana hili ndilo lililonitoa jasho kuliko ule moto.

Chaja ilikuwa inazima kwa haki. Ina ulinzi wa uvujaji, ule tunaouita RCD, wa miliampia 30. Umeme unaokwenda kwenye mashine ukirudi pungufu, maana yake mwingine umepita njia isiyo yake, na ulinzi unakata. Mota ya mama ilikuwa inavujisha. Nilipofungua boksi la nyaya la mota, mpira wa kuzuia maji haukuwepo kabisa. Ndani kulikuwa na magamba ya samaki yaliyokaukia juu ya skrubu za shaba, na unyevu unaong'aa. Kila jioni vijana huosha sakafu kwa mpira wa maji, na maji hayo yalikuwa yanaingia humo.

Nilipima kwa mega saa tisa mchana, ikasoma megaomu 0.4. Kipimo cha chini kinachokubalika kwa mstari wa volti 400 ni megaomu 1, kwa hiyo tayari ilikuwa mbovu. Nikalala Igombe makusudi nipime tena alfajiri kabla ya jua. Ikasoma 0.01. Hesabu yake ni rahisi: volti 230 juu ya omu elfu kumi ni miliampia 23. RCD ya miliampia 30 inaruhusiwa kukata popote kuanzia 15, kwa hiyo asubuhi ilikuwa inakata na mchana inatulia.

Sasa ethi ikiondolewa, ule uvujaji hauponi. Unakosa tu njia, unakaa kwenye bodi la mashine na kusubiri. Kati ya bodi ile na sakafu iliyolowa mita yangu ilisoma zaidi ya volti 100. Vijana wa pale huvaa gambuti, na gambuti ndizo zilizofanya waite "kutekenya". Mama mwenyewe huvaa kandambili.

Mtu atasema RCD ilikuwa bado ipo, ingekata. Ndiyo, ingekata baada ya umeme kupita mwilini mwa mtu, kwa kuwa mwili wake ndio ungekuwa njia pekee iliyobaki. Siwezi kuuita huo ulinzi.

Na kwa nini chaja, iliyo na akili zote hizo, haikujua kwamba ethi imekatwa? Kwa sababu mazungumzo yake hurudi kupitia waya wa ethi, na rezista ilikuwa imefungwa kwenye boksi la kuungia. Chaja iliiona ethi nzima mpaka hapo kwenye boksi. Mita mbili mbele yake, ambako waya ulikuwa umeachwa ukining'inia, haikuwa na jicho. Kwenye gari, mahali pa kukatikia namna hiyo hapapo, kwa kuwa waya unaingia moja kwa moja kwenye tundu la gari na bodi la gari limeungwa hapo hapo.

Kadi

Kisha umeme ukakatika usiku, saa nane hivi, ukarudi baada ya muda mfupi. Taa za yadi zikawaka. Mashine ya barafu haikuwaka.

Chaja ile iliwekwa kwa ajili ya ofisi, inataka kadi ya kugusisha kabla ya kufungulia. Kila umeme ukikatika, ruhusa inafutika na inangoja kadi tena. Kwa gari hilo halina neno, dereva atakuja asubuhi. Kadi ilikuwa kwa mwenye yadi, na mwenye yadi analala Nyegezi, yaani mji mzima upo katikati. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Barafu ya usiku ndiyo inayopokea samaki wa alfajiri. Mitumbwi ilifika, mama akawa ameshalipia mzigo, sangara kilo 180, na barafu iliyokuwepo haikutosha nusu yao. Mzigo ukaondoka hivyo hivyo. Mnunuzi wa Kahama akabonyeza nyama kwa kidole, ikabaki na shimo, akakataa sehemu kubwa. Mama alinisimulia hili akiwa amekaa juu ya kasha tupu, na alikuwa anaonyesha kwa kidole chake mwenyewe mnunuzi alivyobonyeza.

Kesho yake kijana akaingia kwenye mipangilio ya chaja kwa simu, akazima kadi. Tangu hapo tundu likawa na umeme muda wote. Mlinzi wa pili akawa ameondoka: kwanza ethi ilikatwa, sasa ruhusa ikafutwa.

Niongeze jambo moja ambalo bahati tu ililizuia. Umeme wa njia tatu hukatika fezi moja mara kwa mara, fyuzi ya kwenye transfoma ikiungua au waya ukilegea kwenye nguzo. Gari likikosa fezi moja huchaji polepole kwa zilizobaki, au huacha kuchaji. Mota ikiwa kwenye mzigo na fezi moja ikaondoka, inaendelea kunguruma, inavuta umeme mwingi kwenye mbili zilizobaki, na inaungua ndani ya dakika. Mashine ya mama haikuwa na ulinzi wowote wa hilo, kwa sababu aliyefunga mstari ule hakuwa na mota akilini.

Ubao wa soketi

Umeme ukiwa upo muda wote, watu huutafutia kazi. Kijana akachukua fezi moja kutoka kwenye boksi, akafunga ubao wenye soketi nne: friza, taa, mizani, chaji za simu. Waya wa milimita mraba 1.5, bila breka. Akasema ulinzi upo kwenye chaja.

Ulinzi ulikuwepo, ila wa nani? Breka ya mstari ule ni ya ampia 40. Imewekwa kulinda waya mnene, milimita mraba 6, unaokwenda kwenye chaja. Breka ya namna hiyo inabeba ampia 40 siku nzima bila kusema kitu. Hata ukifika 58, kanuni inaipa nafasi ya hadi saa moja kabla ya kukata. Waya mwembamba hauna saa moja. Nayo chaja ina kikomo chake cha ampia 32, na chini ya hapo inaona gari linalojichajia kwa amani.

Siku ya moto, jirani mwenye kazi ya kuchomelea alikuja kurekebisha chuma kinachoshika injini ya mtumbwi. Alipitia kwenye eksitensheni ya pipa ambayo plagi yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nyaya zikaingia tunduni kwa vijiti vya kiberiti. Tena kwenye pipa hilo mtu alifungua mita tatu na kuacha nyingine zote zimezungushwa. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Angalia kibandiko cha pipa lolote, utaona wati zinazoruhusiwa likiwa limefungwa ni sehemu ndogo ya zile za likiwa limefunguliwa lote. Plagi yenye fyuzi ya ampia 13 ingeweza kuukata umeme huo. Kijiti cha kiberiti hakina fyuzi.

Baadaye nilimwomba jirani achomelee kwa kiwango kile kile nikampima: ampia 22. Ukiongeza 8 za kompresa kwenye fezi hiyo unapata 30. Chaja ikaona 30 chini ya 32. Breka ikaona 30 chini ya 40. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukata, mpaka ganda lilipoyeyuka, fezi ikagusa nyutro, na breka ikaruka wakati moto umeshashika ubao.

Tulichofanya

Siku ile nilizima mstari, nikafungua ile rezista kwenye boksi, nikaiweka kwenye begi langu. Nilimwambia mama ukweli: "Mama, mashine haitawaka leo wala kesho. Nunua barafu mjini siku tatu hizi." Hakufurahi, nami sikutegemea afurahi.

Kisha nikakaa na kijana. Nilimwita mdogo wangu na sikumpandishia sauti. Nilimwonyesha kipimo cha alfajiri akiwa ameshika mega mwenyewe, nikamwacha apige ile hesabu ya miliampia kwenye simu yake. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa inaniambia ukweli?" Ndiyo, ilikuwa inakuambia ukweli.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Waya wa milimita mraba 6 ulikuwa umeshavutwa na aliyefunga chaja, tena vizuri, ndani ya bomba. Tukaukatisha kabla ya chaja kwenye swichi ya chenjiova ya njia tatu, ile ile watu wanayoitumia kwa jenereta. Ikielekea juu, umeme unakwenda kwenye chaja. Ikielekea chini, unakwenda kwenye bodi mpya ya breka. Viwili kwa pamoja haiwezekani, hivyo mstari hauwezi kuzidiwa hata siku gari likirudi.

Kwenye bodi mpya mashine ina breka yake ya ampia 16 na kikata mzigo kilichowekwa kwenye 8.5, sawa na kibati cha mota. Kuna rilei inayoangalia fezi zote tatu na mpangilio wake: moja ikikosekana au zikigeuka, mashine haiwaki. Rilei hiyo pia husubiri dakika tano umeme ukirudi, ili kompresa isianze na presha bado imejaa, kisha inawasha yenyewe bila kumwamsha mtu wa Nyegezi. Soketi zina breka ya ampia 16 na waya wa 2.5. Mashine na soketi kila upande una RCD yake ya miliampia 30, ili friza ikivujisha isizime barafu. Ethi tuliipima kuanzia bodi la mashine hadi fimbo iliyoko ardhini.

Mota tuliifungua, tukaikausha kwa taa ya joto usiku mzima, tukapaka vanishi kwenye nyaya, tukaweka mpira mpya kwenye boksi na kuliinua mahali mpira wa maji haufiki. Jirani wa kuchomelea tulimwekea soketi ya viwandani ya bluu, ampia 32, yenye breka na waya wa saizi yake. Ilimgharimu plagi mpya, akalipa.

Mita ndogo ya uniti iliingia kati ya bodi na mashine, kwa kuwa LUKU ni ya mwenye yadi na makadirio ya mdomo yalikuwa yameanza kuleta maneno. Mashine ikivuta kilowati tatu na nusu kwa saa 18, ni uniti 63. Sasa wanasoma wote wawili. Kazi nilisaini kwa leseni yangu ya EWURA, na mchoro wa bodi umebandikwa ndani ya mlango wake.

Nilirudi baada ya wiki, alfajiri tena, ukungu umeshuka hadi kwenye mitumbwi. Mega ilisoma megaomu 6.

Wazo la mwenye yadi, kwamba mahali pa kuchajia pawe pia mahali pa kupata umeme wa kazi nyingine, ni zuri na lina wenzake ziwani humu. Upande wa Kenya, vituo vya WeTu vinavyotumia umeme wa jua huchaji taa za wavuvi na betri za vyombo vya usafiri mahali pamoja. Tofauti ni kwamba kule kila tundu limejengwa kwa kazi yake. Tukianza kupata chaja nyingi Mwanza, na zitakuja, ningependa kila anayefunga moja aweke pembeni yake bodi yenye soketi ya njia tatu na breka zake tangu siku ya kwanza. Gharama yake ni ndogo mfereji ukiwa bado wazi.

Kuhusu zile kilo 180 za sangara, bado hawajakubaliana. Mama anasema kadi ilikuwa ya mwenye yadi na simu yake ilizimwa. Mwenye yadi anasema chaja yake ni ya gari na hakuahidi barafu. Kijana amejitolea kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake, mama amekataa, amesema kwanza asome apate leseni. Wamepanga kukaa Jumapili, na mimi nimeombwa niwepo nieleze kilichotokea usiku ule.